IDI YA MTU PEKE YAKE

Kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, husikika katika baraza za kisiwani petu maneno ambayo si mazuri, nasi tumeyanyamazia kwa muda wa kutosha. Husemwa: "Fulani mwaka huu tena haji. Amekwisha kuwa mtu wa bara." Mwengine huongeza kwamba amepata mke wa huko; mwengine, kwamba ameshiba hata kasahau kwao; na wa tatu, ambaye aghalabu ndiye asiyewahi kulala nje ya mji wake, hutoa hukumu kwamba mtu asiyekuja kwao Idi hana kwao. Sisi tunaofungua duka Mwamkulu, na ambao Idi kadhaa zimetukuta huko huko baina ya magunia ya mpunga, twaomba nafasi katika karatasi hii ya chama tujibu.

Twasema tangu mwanzo, asije mtu akatafuta maana baina ya mistari: Idi ya mtu peke yake ugenini ni Idi kamili. Haina upungufu wala aibu. Na kama ipo aibu katika jambo hili, basi iko pahala pengine, nasi tutaifikia.

Wengi wa wasomaji wetu hawaijui Mwamkulu, wala hatuwalaumu. Ni kata katika Manispaa ya Mpanda, mkoa wa Katavi, mkoa ambao ulizaliwa 2012 kwa kukatwa kutoka Rukwa. Ni nchi ya mpunga. Wako wenyeji wa pande zile, Wabende na Wakonongo, wako Wasukuma walioshuka na ng'ombe zao kutoka kaskazini, na wako watu wa kila kabila waliofuata ardhi yenye maji. Katikati yao wako wachache kutoka visiwani wenye maduka ya sukari, chumvi, sabuni, kanga na misumari, kama walivyo katika kila kituo cha bara ambako mtu hakutazamia kumkuta Mpemba. Anayetoka huko kuja kwetu hupanda gari mpaka Mpanda mjini. Kutoka Mpanda mpaka Tabora kwa basi, kwani siku hizi lami imefika kwa njia ya Inyonga na Sikonge, au kwa gari la moshi. Reli hiyo ni tawi litokalo Kaliua, ililofunguliwa 1950 kwa ajili ya risasi iliyokuwa ikichimbwa Mpanda; mgodi ukafa, reli ikabaki, na abiria wa leo hupanda juu ya mali ya watu waliokwisha kwenda zao. Kutoka Tabora ni zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar es Salaam. Kisha boti mpaka Unguja. Na mwenye kwao Pemba bado hajafika.

Tumesema "ugenini", na twajua wako wanachama watakaoshika neno hilo na kuuliza: je, bara ni nchi ya kigeni au si ya kigeni? Swali hilo lina umri wa tangu 26 Aprili 1964, na limekwisha chosha vichwa vikubwa kuliko chetu. Sisi hapa hatulijibu. Mgeni si lazima awe amevuka mpaka. Mgeni ni yule ambaye asubuhi ya Idi hapana mtu wa kumgongea mlango kwa jina la baba yake.

Sasa, kwa nini haji? Watu wa baraza hudhani ni moyo. Sisi twasema ni kalenda na daftari.

Ndugu zetu Wachaga wana Krismasi yao, tarehe 25 Disemba, haisogei. Mfanyakazi huijua likizo yake, mfanyabiashara huijua hesabu yake, na kila mwaka mabasi ya Moshi hujaa hata mtu husafiri kwa kusimama. Idi yetu yafuata mwezi wa mbinguni, na kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Juni 2018 Idi el Fitri iliangukia wakati wa mavuno ya mpunga. Mwaka 2024 ilikuwa 10 Aprili, na 2025 ilikuwa 31 Machi. Mkulima wa Mwamkulu mwezi wa Machi hana kitu. Mpunga wake uko shambani, kijani, umesimama katika maji. Na chumvi anayokula, na sabuni anayofulia, na daftari la mwanawe wa skuli, vyote vimeandikwa katika daftari letu sisi mpaka avune. Duka limejaa deni na kasha halina pesa. Mwenye duka kama huyo watu wa kwao humhesabu kuwa tajiri, maana ana duka. Nauli ya kuja na kurudi hana. Halafu huja Idi el Haji, ambayo 2025 ilikuwa mwanzo wa Juni, na hapo ndipo mavuno yanapotoka na pesa zinapoonekana. Lakini huo ndio wakati wa kukusanya deni. Akiondoka wiki mbili, mpunga utauzwa kwa mwengine na daftari litabaki na majina matupu. Basi wakati wa mguu hana pesa, na wakati wa pesa hana mguu. Kila biashara ya mashambani iko hivyo, na asiyejua na aulize kabla ya kuhukumu.

Natueleze kidogo Idi hiyo ilivyo, maana wanaoitukana hawajaiona.

Kwanza ni khabari ya mwezi. Zamani mtu wa mbali alikuwa na redio moja, nayo ikisema kesho Idi, ni Idi. Leo ana simu, na katika simu ana jamaa wa kila rai: mmoja Unguja amefuata mwezi ulioonekana Makka na amekwisha kusali, mwengine ndugu yake wa tumbo moja angali amefunga anangoja tangazo la Mufti, na kila mmoja humtumia ujumbe kumtaka awe upande wake. Mtu wa Mwamkulu hana nafasi ya ugomvi huo. Waislamu wa pale ni wachache; wakigawanyika nao, msikiti mdogo utabaki na safu nusu. Hufuata wenzake alio nao, akatulia. Twaona wenye misikiti mikubwa wangeweza kujifunza kitu hapo, lakini hilo ni somo la siku nyengine.

Pili ni fitri. Hapa twaomba tusikilizwe vizuri, kwa sababu ndilo jambo lililotufanya tuandike. Sote tuliosomea vyuoni tulifunzwa, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kwamba zaka ya fitri humwajibikia mtu linapokuchwa jua la siku ya mwisho ya Ramadhani, nayo ni pishi moja ya chakula wanachokula watu wa pahala pale, na hutolewa pale pale lilipomkuchwea jua. Mke na watoto walioko kisiwani, fitri yao hutolewa kisiwani. Na yeye aliyeko Mwamkulu, fitri yake ni pishi ya mchele wa Mwamkulu, kwa maskini wa Mwamkulu. Haihamishwi kupelekwa kwao. Tazama basi, ewe ndugu. Watu wa baraza wamhesabu kuwa hayuko popote: huku hayupo, na kule si kwao. Wanavyuoni, Mwenyezi Mungu awarehemu, walimhesabu kuwa yuko pale alipo, na pahala pale pana haki juu yake na maskini wake ni maskini wa pale.

Tatu ni sala. Idi ya mjini kwetu ni uwanja mzima, safu hazina mwisho, na khutba. Lakini sala ya Idi katika madhehebu yetu husihi kwa mtu mmoja, msafiri, mwanamke, mgonjwa chumbani kwake. Ni rakaa mbili zile zile, takbira saba katika ya kwanza na tano katika ya pili. Kilichomwondokea ni khutba tu, kwani mtu hajikhutubii mwenyewe. Maana yake ni kwamba karne nyingi kabla ya duka la kwanza la mtu wa visiwani kufunguliwa katika nchi ya Katavi, wanavyuoni wetu walikwisha kumfikiria mtu wa Idi ya peke yake, wakamwekea njia. Hawakumwambia hana kwao.

Baada ya sala ni kimya. Siku hiyo kwetu Pemba watoto wamejaa viwanja vya Tibirinzi na Unguja wamejaa Kariakoo, nguo mpya, bembea, aiskrimu, mkono wa Idi umekunjwa kiganjani. Na huendelea siku nne. Mwamkulu ni siku kama siku. Watu wanapita na majembe. Mtu wa kisiwani huvaa kanzu yake, na watoto wa jirani humtazama kama harusi iliyokosa watu. Hupika pilau mwenyewe, na bizari angalau anayo, maana anaiuza. Nyama akiipata ni nyama. Asipoipata, wako migebuka wa Ziwa Tanganyika waliokaushwa, na mkate wa kumimina hujaribu kuupika mpaka akakubali kwamba hautaiva kama wa mama yake. Jirani zake, wengi wao Wakristo, huja wakiitwa, hukaa, hula, hupongeza. Jioni huwa na utulivu ambao mjini kwetu mtu angeulipia. Husoma juzuu yake. Hulala mapema. Wako kati yetu, twakiri kwa niaba yao, walioionja Idi hiyo mara moja wakaona kwamba katika zile siku nne za kelele zetu kuna kitu walikuwa hawakisikii.

Hatusemi utamu huo watosha badala ya watoto. Mtu aliyesema hivyo amepotea. Twasema kwamba si siku ya kuonewa huruma, na wala si siku ya kuchekwa.

Wala si jambo geni. Misafara iliyotoka pwani karne ya kumi na tisa ikapita Tabora kwenda Ujiji ilikaa miaka njiani, na mfungo na Idi viliwakuta watu hao chini ya miti. Hatuwasifu kwa biashara yao ya kuuza watu, Mungu atuepushe, lakini mwezi uliwaandamia kule kule. Mwaka 1964 Ramadhani iliingia siku chache tu baada ya 12 Januari, na Idi ya Februari ile iliwakuta watu wengi wa visiwa hivi mbali na nyumba zao, wengine hawakuziona tena. Sayyid Jamshid bin Abdulla mwenyewe, mtu asemeje juu ya utawala wake, alikaa Portsmouth, Uingereza, miaka zaidi ya hamsini, mpaka 2020 aliporuhusiwa kuhamia Oman, ambako alifariki mwisho wa 2024. Hesabu Idi hizo, mbili kila mwaka, katika mji wa baridi ambako siku ya Idi maduka hufunguliwa kama kawaida. Na sisi wa rika letu hatuhitaji kusimuliwa ya zamani: baada ya mauaji ya 26 na 27 Januari 2001, watu wetu wapatao 2,000 walivuka kwa vyombo mpaka Shimoni, na Idi el Haji ya Machi mwaka ule iliwakuta wengi bado Kenya. Hapana aliyethubutu kuwaambia wale kwamba hawana kwao. Ni ajabu kwamba aliyefukuzwa na bunduki twamsitiri, na aliyefukuzwa na njaa twamsema.

Jirani na Mpanda iko Katumba, na mbele zaidi Mishamo, makazi ya watu waliokimbia Burundi katika mauaji ya 1972. Zaidi ya 160,000 wa makazi yale ya zamani walipewa uraia wa Tanzania, ikatangazwa 2010 na hati zikatolewa 2014. Watu hao ni wateja wa masoko yetu. Sikukuu zao zaidi ya arubaini walizifanya wakiwa hawajui watarudi au watabaki, na hawakuzifanya kwa nusu. Walioa, walibatiza, walipika. Mtu akikaa nao hujifunza kwamba sikukuu haingojei makazi ya mwisho.

Sasa tuje kwenye aibu tuliyoiahidi.

Twamjua zaidi ya mmoja katika wenzetu wa bara ambaye nauli alikuwa nayo, akakaa. Si nauli ya fahari; ya basi na ya boti la kawaida, mikono mitupu. Kwa nini akakaa? Kwa sababu ya mikono mitupu. Alikwisha kuletewa kwa simu, tangu Shaaban, hesabu ya vitu: doti za kanga kwa shangazi watatu, viatu vya watoto wa kaka, kitenge cha mama mkwe, simu ya shemeji, na gunia la mchele, maana anakaa kwenye mchele, mchele unamgharimu nini? Akajua kwamba akishuka bandarini Mkoani na mkoba mmoja, kabla hajavua viatu jicho la kwanza litatazama nyuma yake kuona mzigo uko wapi. Basi akatuma alichokuwa nacho kwa simu, akasema barabara imekatika kwa mvua. Mwaka wa pili akasema hivyo tena, na wa tatu hakuulizwa. Mwanawe aliyemwacha anatambaa sasa yumo skuli, na baba kwake ni sauti inayouliza umefunga ngapi.

Huyo hakukataa kwao. Amewekewa kodi ya kuingia kwake mwenyewe, akaishindwa. Na waliomwekea ndio wale wale ambao jioni ya Idi, wamevaa kanga alizozituma, hukaa barazani wakasema: "Fulani amekuwa mtu wa bara."

Tutajibiwa kwamba zawadi ni sunna na kwamba jamaa wana haki. Ni kweli, wala hatujasema mtu aje amejifungia mfuko. Lakini zawadi ni ile inayotolewa. Ile inayodaiwa kwa orodha ina jina jengine, na sisi wenye maduka twalijua vizuri.

Wala wenzetu wa huko hatuwaachi salama. Wako wanaoutumia upweke kuwa udhuru. Asubuhi ya Idi, mwezi umetangazwa, mtu amefungua mlango wa duka saa kumi na mbili kama siku nyengine, ati mteja wa chumvi haijui Shawwal. Haijui, ndiyo, wewe unaijua. Siku moja chumvi itangojea. Mwenye duka aliyefunga Idi jirani zake humuuliza kwa nini, akawaeleza, na mwaka wa pili humjia wenyewe jioni ya kuamkia sikukuu kununua mapema. Hilo tumeliona kwa macho yetu, na hasara yake si kubwa kama mtu anavyoiogopa. Aliyefungua hana Idi ya huku wala ya kule. Na yeye, kwa kweli, maneno ya barazani yamemstahili. Wako pia wanaotoa fitri yao kwa kumtumia ndugu pesa kisiwani, hali maskini wa Mwamkulu amekaa nje ya msikiti ule ule waliosali. Hao na wamrudie mwalimu wao.

Tumalizie kwa linalowahusu wanachama, kwani hatukuandika haya ili tusomwe tu. Kila tawi la chama linajua nyumba ambazo mwenyewe yuko mbali: aliyeko Mpanda, aliyeko Tunduru, aliyeko Msumbiji, aliyeko Muscat. Nyumba hizo siku ya Idi hupitwa. Watu hudhani zimeshiba kwa sababu zatumiwa, na watoto wake hukaa mlangoni wakiwaangalia wenzao wanaoshikwa mkono na baba zao kwenda uwanjani. Twapendekeza kwa matawi jambo dogo lisilohitaji mkutano wala azimio. Baada ya sala, wazee wawili wa tawi wapite nyumba hizo, waingie, wanywe kahawa, wawape watoto mkono wa Idi, hata iwe shilingi ya kununulia aiskrimu, na wawachukue uwanjani pamoja na watoto wao. Kisha mmoja wao ashike simu ampigie mwenye nyumba huko aliko, amwambie watoto wameonekana, na amwambie, mbele ya mkewe na mama yake wakisikia, kwamba mwaka atakapopata njia aje na mkoba wake mmoja.